Machozi ya Mkata Sabuni

Mwimbaji anaweza kushangiliwa Beiruti, anaweza kubebwa mabegani Dameski, lakini kama hajakaa mbele ya wasikilizaji wa mji wa Halab, bado ni mtu anayepiga kelele tu. Ndivyo tunavyosema sisi wa Halab, na kwa kuwa hakuna aliyewahi kutuuliza cheo hicho tumekipata wapi, tumeendelea nacho.

Msikilizaji wa kwetu si mtu aliyekuja kustarehe. Amekuja kazini. Anakaa, anafumba macho, tasbihi anaitia mfukoni isije ikagongana, kisha anangoja. Mwimbaji akikosea padogo tu, anakohoa. Akipatia, anaitoa "Aaah!" moja ya kutoka tumboni, mahali pake hasa, na mwimbaji akiisikia hiyo anaendelea mpaka alfajiri bila kuomba maji. Sasa juu ya wasikilizaji wote wa mji huu, kwa miaka na miaka, alikaa mtu mmoja: Abu Izzat, mkata sabuni wa mtaa wa Bab Qinnasrin.

Abu Izzat hakuishia kwenye "Aaah". Abu Izzat alikuwa analia. Machozi yalimtoka kimya kimya, yakapita mashavuni, yakaingia kwenye masharubu, na hakuyafuta. Mwimbaji aliyeliliwa na Abu Izzat, keshoye anaitwa harusini mwa matajiri. Asiyeliliwa, keshoye anatafuta kazi nyingine. Sheria hiyo haikuandikwa popote, na ndiyo maana hakuna aliyethubutu kuivunja.

Na hapa ndipo penye mkasa wenyewe, maana Abu Izzat hakuwahi kuguswa na muziki hata siku moja. Masikio yalikuwa mazima, tena makali, angesikia paka akikanyaga sabuni mbichi chumba cha pili. Sauti aliisikia na maneno aliyashika. Lakini ndani, hola! Kwake yeye, mtu anayeimba alikuwa mtu anayesema jambo polepole kuliko inavyohitajika.

Yalianza ujanani mwake. Siku hiyo alikuwa karakanani tangu asubuhi. Sabuni ya mafuta ya zeituni ilikuwa imemwagwa sakafuni, nao wanaikata, na mikono yake yote ilikuwa imelowa maji ya magadi. Bwana mmoja mwenye nyumba kubwa, baba yake Hajj Bakri tutakayemkuta mbele, akamtuma mtu kumwita aje ajaze nafasi barazani, maana kulikuwa na mwimbaji mgeni na viti vilikuwa vitupu. Abu Izzat akaenda vile vile alivyo. Katikati ya wimbo likamtoka jasho, akajifuta kwa mkono wa kanzu. Lahaula! Magadi yakamwingia machoni yote mawili. Akatoa "Aaah!" ya maumivu, na machozi yakamtiririka.

Bahati yake, au balaa lake, ni kwamba pale pale mwimbaji alikuwa anamalizia beti. Baraza zima likageuka. Mwimbaji akaweka chini udi aliokuwa akiupiga, akainuka, akaja kumbusu kipaji cha uso. Abu Izzat alitaka kusema ni magadi, wallahi alitaka, hata kinywa alikifungua. Lakini mwenye nyumba alikuwa ameshampisha kiti chake mwenyewe, na mkata sabuni hapishwi kiti kila siku.

Wakamwalika tena. Safari hii hapakuwa na magadi, ikabidi atafute njia nyingine. Alijaribu kumfikiria marehemu mama yake, asipate hata tone. Akafikiria sufuria kubwa la sabuni lililoungua mwaka ule wa baridi kali, sabuni ya msimu mzima ikawa masizi, na machozi haya hapa! Tangu siku hiyo alililia sufuria. Na wakati wa kulia aliupata kwa kutazama vidole vya miguu vya Naum, muuza dawa, aliyekuwa na tabia ya kuvua viatu akiketi. Naum alisikiliza kwelikweli, na kila mwimbaji alipokaribia mahali penyewe, vidole vyake vilijikunja. Vikijikunja tu, Abu Izzat anaita sufuria lake.

Siri hiyo aliijua mkewe peke yake. Mkeo utamficha nini?

"Nimekuzikia mama, nimekuzikia kaka," Ummu Izzat alikuwa akimwambia, "hukutoa hata la kulowesha kope. Halafu mtu akiimba habari za macho ya paa, unalowa mpaka kifuani. Huoni haya?"

"Ni kazi, mama."

"Kazi ni sabuni. Hiyo ni michezo."

Zile baraza alizirithi Hajj Bakri baada ya baba yake, pamoja na duka la vitambaa na kiburi cha kutosha. Na huko kulikuwa na mabwana wawili waliopatana kwa kila kitu isipokuwa kimoja. Wa kwanza ndiye huyo Naum. Wa pili ni Ustadhi Munib, mwalimu wa falsafa shule ya wavulana, mtu aliyeweza kubisha hata salamu. Kila wimbo ukiisha na kahawa ikaletwa, wanaanza.

"Huzuni imo ndani ya wimbo wenyewe," Ustadhi Munib anasema. "Imo mle kama chumvi ndani ya mchuzi. Uonje usionje, chumvi ipo."

"Wimbo ni upepo unaotoka kooni mwa mtu aliyekula vitunguu," Naum anajibu. "Upepo una huzuni gani? Huzuni ni yangu, nimekuja nayo kutoka nyumbani."

"Basi mbona ukitoka hapa unacheka?"

"Nimeiacha kwa Hajji! Halafu nijibu hili, Ustadhi. Mke wangu akilia mbele yangu, nakimbia nyumba. Mwanamume nisiyemjua akinililia hapa kwa udi na kinanda cha kanuni, navaa kanzu safi nije kumsikiliza, na nikikosa kiti nanuna wiki nzima. Akili iko wapi hapo?"

"Mkeo halii kwa mpango."

"Ungemwona! Mpango anao."

Baraza linacheka, kisha Hajj Bakri anainua mkono. "Jamani, mwenye jawabu si huyu hapa? Abu Izzat, tuambie. Huzuni imo katika wimbo au imo ndani yetu?"

Abu Izzat anashusha kikombe taratibu. Anatazama sakafu. "Kote kuwili," anasema.

Na watu wanashusha pumzi, hekima iliyoje! Hiyo "kote kuwili" ilirudiwa mikahawani, ilirudiwa hamamuni watu wakioga, mpaka siku moja imamu mmoja aliitumia katika jambo la dini, lisilohusiana na nyimbo hata chembe. Naam, hao ndio sisi.

Basi mwaka mmoja, majira ya karazi, yale matunda madogo mekundu, akatokea kijana anaitwa Subhi. Alikuwa mpiga pamba. Kazi yake ni kukaa juu ya lundo la pamba iliyoshikana, kuipiga kwa uta mpaka ifumuke, kisha kushona mifarishi ya baridi pamoja na mama yake, mjane. Aliimba kazini, na watu wakaanza kuleta magodoro ambayo hayakuhitaji kupigwa. Habari zikafika kwa Hajj Bakri. Naye Hajji alikuwa na mgeni anayekuja, bwana mmoja kutoka redioni Dameski, anayetafuta sauti mpya. Hajji akaona hapo pana fahari ya kuokota. Akatangaza kwamba Alhamisi kijana ataimba barazani kwake, na bwana wa redio atakaa aone Halab inasemaje.

Siku mbili kabla, Subhi akaja karakana ya sabuni. Alikuwa na pamba kwenye nyusi, na alisimama mlangoni kwa adabu asije akakanyaga sabuni.

"Ami, shikamoo."

"Marahaba. Pita ukutani, huko kumekauka. Mama hajambo?"

"Hajambo, anakusalimu. Ami, nimekuja na ombi, usinielewe vibaya."

Abu Izzat akaweka kisu chini. Akajua linalokuja, maana waimbaji wote waliletwa mlangoni pale na ombi moja, na wengi walikuja na sinia la kebabu ya karazi.

"Usinililie kwa huruma," Subhi akasema.

"Hee?"

"Najua unamheshimu mama yangu, alimshonea binti yako mifarishi ya harusi. Nikiwa mbovu, ninyime. Mjomba wangu anaondoka Jumapili kwenda Kuwaiti kubeba mawe, na nafasi ameniwekea. Halab ikinikataa nitakwenda naye, na sitaimba tena, nimeapa mbele ya mama. Bora nijue moja. Ila kama kweli ninacho kitu, ami, basi uonyeshe. Wao wanakutazama wewe."

Abu Izzat akamwangalia. Waimbaji wote waliopita mlango huo walimvisha kilemba cha ukoka, huyu wa kwanza kumwomba haki. Ikamwuma kidogo, maana haki ndicho kitu pekee ambacho hakuwa nacho dukani. "Nenda, mwanangu," akasema. "Imba tu." Na moyoni akaamua papo hapo: huyu nitamlilia liwe liwalo, hata akiimba kama mlango mbovu. Nitampa machozi ya ndoo.

Alhamisi ikafika. Ua la Hajj Bakri lilimwagiwa maji, mvinje wa katikati ulipogolewa, na juu, nyuma ya kimia cha mbao, wanawake walikuwa wameshajipanga na njugu zao za pistachio, wanasikika wakicheka. Bwana wa redio alikaa kulia kwa Hajji, tarbushi yake gotini, uso wa mtu aliyekwisha kukatishwa tamaa katika miji mingine. Abu Izzat akakaa kitini pake, mbele kabisa. Naum akavua viatu.

Kanuni ikaanza, udi ukafuata. Abu Izzat akajiandaa kama kawaida: sufuria, moshi, masizi, harufu ya mafuta yaliyoungua. Machozi yakawa tayari nyuma ya macho, yanangoja amri.

Subhi akafungua kinywa.

Sijui nieleze vipi, na Abu Izzat mwenyewe hakuweza kueleza mpaka anaingia kaburini. Kwanza sufuria lilipotea. Alilitafuta, halipo. Kisha vidole vya Naum, hakukumbuka kuvitazama. Yule kijana hakuwa anasema jambo polepole kuliko inavyohitajika. Alikuwa analisema kwa mwendo ule ule ambao jambo lenyewe linakwenda, na Abu Izzat, mtu mzima mwenye wajukuu, kwa mara ya kwanza akaelewa watu walikuwa wanafuata nini miaka yote hii katika baraza hizi. Haikuwa huzuni. Haikuwa furaha pia. Alisahau kwamba ana uso. Kikombe kilikuwa mkononi na kahawa ikapoa, kinywa kikawa wazi, na macho yakawa makavu kabisa, maana hakuna aliyekuwepo ndani wa kuyaletea maji.

Subhi akafika mwisho wa beti. Pale ndipo penyewe, hata mtoto angejua. Akanyamaza, udi ukangoja.

Na baraza zima likamtazama Abu Izzat.

Hakuna. Hakuna chozi, hakuna "Aaah", hakuna hata kope kupepesa. Mzee amekaa tu kama gogo.

Basi hebu ona mambo ya watu wazima. Hajj Bakri alikuwa na "Aaah" tayari kinywani, akaimeza. Mtu wa nyuma ilimponyoka nusu, akaigeuza kikohozi. Naum vidole vilikuwa vimejikunja mpaka vimekuwa vyeupe na macho yamejaa maji. Akayafuta upesi, akasema moshi wa tumbaku umezidi. Ustadhi Munib alitoa leso akapenga makamasi, akanong'ona kwamba kijana ana sauti, lakini sauti si kitu. Nani angelia kabla ya Abu Izzat? Ukilia mahali ambapo Abu Izzat hakulia, maana yake huna sikio, na mwanamume wa Halab afadhali aambiwe hana akili kuliko kuambiwa hana sikio.

Subhi akaimba beti ya pili. Kimya. Ya tatu akaiimba akimtazama Abu Izzat usoni, kijana wa watu, anatafuta dalili hata ndogo, na kadiri alivyoimba vizuri ndivyo mzee alivyozidi kuganda. Katikati ya beti ya nne sauti ikakatika. Akainama, akaomba radhi, akatoka.

Hapo ndipo Abu Izzat akazinduka. Akaona kiti cha mwimbaji kitupu, bwana wa redio anavaa tarbushi. "Allah!" akasema kwa nguvu. "Allah, Allah!" Lakini ilikuwa imechelewa mno, na watu wakadhani anamwombea kijana huruma za Mungu. Wengine wakaitikia amina.

"Nashukuru mmeniokolea safari nyingine," bwana wa redio akamwambia Hajji. "Mji wenu hauna mchezo." Na Hajj Bakri, mpumbavu mkubwa, akavimba kichwa kwa sifa hiyo.

Njiani kurudi nyumbani Ummu Izzat alitembea mbele hatua chache, na hiyo peke yake ilikuwa dalili mbaya. Walipofika alitupa shela kitandani.

"Umemfanya nini mtoto wa watu?"

"Mama, sikiliza..."

"Kule juu tumelia wote! Mke wa Hajji amelia mpaka kaishiwa nguvu tumemkanda miguu. Mimi mwenyewe nimelia, mimi! Nangoja nisikie wanaume chini wanapasuka, nasikia kikohozi. Kumbe bwana mkubwa leo kaamua kubana."

"Sikubana. Nilisikia."

"Ulisikia nini?"

"Nilisikia, Ummu Izzat. Leo nilisikia." Akakaa kitandani, akashika kichwa. "Ndiyo maana sikulia."

Mkewe alimjua mume huyu kuliko alivyoijua mikono yake mwenyewe. Hasira ikamtoka, ikaingia kitu kibaya zaidi. "Ole wako," akasema taratibu. "Sasa itakuwaje?"

"Nitawaambia. Kesho nitawaambia yote."

"Waambie na sisi wa juu tulilia."

"Hayo ya juu hawatayahesabu."

"Najua hawatayahesabu. We waambie tu."

Kesho yake, baada ya swala ya Ijumaa, akawakuta Hajj Bakri na Ustadhi Munib mkahawani, mbele yao sahani ya ful, maharage ya kuchemsha, na mkate wa moto. Redio ilikuwa juu ya rafu inanguruma. Akakaa, akakataa kula, akajikaza, akasema yote: magadi, sufuria, vidole vya Naum. Miaka yote. Na jana, mara ya kwanza, kweli tupu. Kijana ni hazina, bwana wa redio bado yuko hotelini, twendeni sasa hivi tukamwambie.

Hajj Bakri alitafuna mpaka akamaliza. Kisha akacheka.

"Abu Izzat, una moyo mzuri mno. Mama yake kijana amekuja kukulilia, sivyo?"

"Sijamwona mama yake! Nakwambia nilikuwa nadanganya."

"Miaka yote?"

"Yote."

Hajji akaacha kucheka. Akasogeza sahani, akashusha sauti. "Hebu tupige hesabu pamoja, ndugu yangu. Kama ulidanganya, basi wale wote waliotoka barazani kwangu wakawa watu wakubwa, ni bure. Harusi za nusu ya mji huu zimeimbiwa na watu wa bure. Baba yangu alimpisha kiti mtu mwenye magadi machoni. Na mimi nina mabinti wawili wa kuoza, watu wanakuja kuposa kwa sababu ya jina la nyumba ile. Unataka kusema hivyo?"

"Nataka kusema ukweli."

"Basi usiuseme tena."

Abu Izzat akamgeukia Ustadhi Munib. Huyu ni mtu wa falsafa, akafikiri, ukweli ndio chakula chake. Ustadhi alikuwa ameshapanga vidole kwa ajili ya kufafanua.

"Tutazame jambo lenyewe," akasema. "Unadai jana uliguswa. Dalili ya kuguswa ni nini? Chozi. Ulitoa chozi?"

"Sikutoa."

"Sauti?"

"Sikutoa."

"Hivyo mtu aliyeguswa sana na mtu ambaye hakuguswa kabisa, wote wamekaa wamekodoa macho. Tutawatofautishaje?"

"Mimi najua! Ilikuwa ndani yangu mimi!"

"Ndani yako ni shahidi ambaye umetuambia sasa hivi kwamba amedanganya miaka yote." Ustadhi akafurahi na jambo hilo, akamega mkate. "Ama ulikuwa mkweli zamani na jana hukuguswa, ama ulikuwa mwongo zamani na hatuwezi kukuamini leo. Njia zote mbili, kijana hana kitu. Inapendeza, eh?"

"Wewe ulilia, Ustadhi. Nimekumbuka, ulipenga kamasi."

"Nina mafua."

"Wanawake juu wamelia wote."

"Wanawake!" wakasema wote wawili kwa pamoja, na kwa neno hilo shauri likafungwa. Abu Izzat akakimbilia hotelini peke yake. Bwana wa redio alikuwa ameondoka na gari la asubuhi.

Jumapili alfajiri akaenda stendi ya magari yaendayo mashariki. Lori la Kuwaiti lilikuwa limeshapakiwa mabunda ya nguo, na vijana wamekaa juu yake na mikate waliyofungiwa na mama zao. Subhi alikuwa chini anafunga kamba. Alipomwona mzee akasimama wima, maana adabu hakuiacha.

"Ami. Umekuja kuniaga?"

"Usiende."

"Ami, mimi sina kinyongo na wewe. Niliomba haki, umenipa. Wengine wangenidanganya."

Maneno hayo yalimchoma mzee kuliko tusi. Akamshika mkono. "Nisikilize, mwanangu. Wote niliowalilia, sikuwasikia hata mmoja. Wewe nilikusikia. Wallahi wewe peke yako. Nilikuja nimejiandaa kukulilia, nilikuwa nimeamua, machozi yalikuwa tayari! Ukafungua kinywa..." Akatafuta neno. Mtu aliyeulizwa habari za muziki miaka yote na kila mara akawa na jibu, sasa hakuwa nalo. "Nilisahau kulia," akasema.

Subhi alimtazama machoni, akamtazama sana, na akamwamini. Hilo ndilo lililokuwa baya. Kama asingemwamini angepanda lori kwa amani.

"Ulisahau," akasema.

"Nilisahau."

"Wewe ukisahau kulia, ami, mimi nile nini?"

Dereva akapiga honi. Kutoka juu mjomba akaita, "Subhi! Tunakuacha!" Kijana akautoa mkono wake taratibu, akakanyaga gurudumu, akapanda.

"Subhi!" Abu Izzat akalifuata lori lililokuwa linajongea, mzee mzima anakimbia na viatu vya kuvuta. "Imba kidogo tu! Beti moja! Mimi peke yangu, mwanangu, niimbie nisikie!"

"Nimeapa, ami," kijana akajibu kutoka juu ya mabunda. Hakusema kwa hasira. "Kawasikilize wale uliowalilia. Wako wengi."

Lori likakata kona. Abu Izzat akarudi kwa miguu hadi mtaani, na kwa kuwa hakutaka kwenda nyumbani kumwambia mkewe, akaingia mkahawani. Wakampisha kiti cha mbele. Redioni alikuwa anaimba bwana mmoja mnene aliyepata jina barazani kwa Hajj Bakri, na watu walikuwa wamefumba macho.

"Abu Izzat," mwenye mkahawa akamwuliza, akimwekea kahawa, "si huyu ndiye uliyemlilia mwaka ule mpaka ukalowa kanzu?"

"Ndiye," Abu Izzat akasema.

"Kumbe sauti yake ni hii hii. Nikuongezee redio iwe juu?"

Abu Izzat akasema aongeze.